Jeshi la Ndani ya Kibuyu

Zamani za kale sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakibisha hodi na kukaribishana uji, mambo haya yalianza siku ya Jumatano, saa tisa na robo alasiri. Pimbi alikuwa akianika ulezi mbele ya pango lake aliposikia ardhi ikitetemeka. Ndi! Ndi! Ndi!

Alikuwa Kifaru, na nyuma yake Fisi, ulimi nje.

"Hodi!" Fisi aliita, mguu mmoja ukiwa tayari ndani.

"Karibuni," Pimbi alijibu.

"Masika yanakuja, bibie," Kifaru alisema. "Pango lako ni kavu tena pana. Limetufaa. Kesho asubuhi tunahamia."

"Na mimi na wanangu?"

"Wadogo hawakosi pa kujibanza," Fisi alicheka. "Hi hi hiii! Ombeni tundu kwa nyenje!"

Pimbi hakuwa na pembe wala meno ya kutisha. Alikuwa na ulimi tu, na hata huo ulikuwa umekauka kwa hofu.

"Sawa," alisema polepole. "Lakini mmewauliza wenzangu?"

"Wenzako gani?"

"Ninaoishi nao. Ni wengi kuliko punje zote hizi za ulezi, ila jicho haliwaoni. Wakila, hupumua. Ukiwafungia wakapumua wote kwa pamoja, mlango unaruka."

Kifaru alirudi nyuma. "Hawaonekani? Fisi, mimi hata wanaoonekana siwaoni vizuri!"

"Anakutisha bure huyo!" Fisi alidakia. "Haya, mama maneno, kesho tukija utuonyeshe hao jamaa zako. Tusipoiona kazi yao, unatoka na wanao, na usigeuke nyuma."

Walipoondoka, Pimbi aliingia ndani. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alikuwa amesikia kila neno.

"Mwanangu, umewadanganya?"

"Sijadanganya, mama. Nilisema habari za chachu."

"Chachu si unga tu?" mtoto mmoja aliuliza.

"Ni viumbe hai, ndugu zake ukungu na uyoga. Wanakula utamu wa uji na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayotoboa vile vitundu ndani ya vitumbua vyenu."

"Kwa hiyo tunakula pumzi zao?"

"Mnakula vitumbua. Nipisheni!"

Bi Somoe alimvuta pembeni. "Kwa nini ujisumbue? Kuna yale mahindi yaliyoota ukungu wa kijani. Tuwapikie ugali, mambo yaishe."

"Hapana! Sumu ya ukungu ule haiishi hata ukiupika. Sitaki maiti mlangoni kwangu. Na je, watoto wakiokota punje?" Pale pale aliyachukua mahindi yale, akaenda kuyafukia mbali na njia.

Kisha alipika uji wa ulezi, akausubiri upoe, akakoroga unga wa kimea, ulezi uliooteshwa na kukaushwa, ili uwe mtamu, akamimina chachu yote iliyokuwamo ndani ya nyumba. "Wanataka joto," aliwaambia wa nyumbani, akatoka kutafuta kuni.

Aliporudi, chungu kilikuwa kikifuka mvuke.

"Nimekusaidia," Bi Somoe alisema kwa furaha. "Uji ulikuwa umeanza kupoa, nikaongeza maji yanayochemka."

"Yanayochemka! Mama!"

"Si ulisema wanataka joto?"

"Vuguvugu, mama! Vuguvugu! Umewaua!"

Pimbi alitega sikio juu ya chungu. Kimya. Akasubiri, akatega tena. Hakuna hata povu moja. Alianza kufunga nguo na mashuka ya watoto kwenye vifurushi.

Bi Somoe alikohoa. "Mwanangu... kuna ule mwiko wangu wa togwa. Sijauosha tangu niolewe. Kwetu mwiko wa togwa hauoshwi, tuliambiwa ukiuosha togwa inasusa."

Pimbi alikuwa akiuficha mwiko ule kila wageni walipokuja, kwa aibu. Sasa aliukimbilia. Ulikuwa na utando mweupe wa uji uliochacha, mkavu, ulioganda.

"Chachu wakikauka hulala," alinong'ona. "Si lazima wawe wamekufa."

Akapika uji mwingine, akatia kimea. Alidondosha tone kwenye kifundo cha mkono kupima joto, akangoja, akadondosha tena, na tena, hadi Bi Somoe akaguna. Ndipo alipokwangua utando ule ndani, akafunika chungu kwa kitambaa chepesi, akakizungushia blanketi. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alfajiri alifunua. Bwi... bwi... bwi! Povu lilikuwa limefika ukingoni.

Haraka akamimina uji kibuyuni na kukikomea gunzi la hindi kwa jiwe, ko! ko! ko! Akakiweka mwambani, jua likipiga. Sasa hofu ikageuka: je, kikipasuka kabla hawajafika?

Ndi! Ndi! Ndi!

"Haya, wako wapi?" Fisi alinguruma.

"Humo kibuyuni. Tega sikio, shemeji."

Fisi aliinama. Sssss... "Eh! Wananong'onezana!"

"Wanasema nini?" Kifaru aliuliza kwa mbali.

"Labda wamelala bado," Pimbi alisema. "Watikise uone."

Fisi, asiyetaka kuonekana mwoga, alikikumbatia kibuyu na kukitikisa kwa nguvu zake zote.

PWAAA! Gunzi lilifyatuka na kumpiga Kifaru puani. Povu likamrukia Fisi machoni, mdomoni, masikioni.

"Wamenivamia! Wananichoma macho! Niokoe!"

"Nikuokoe kwa nani? Simwoni mtu!" Kifaru alipiga kelele, akageuka na kukimbia, akivunja vichaka. Fisi alimfuata huku akijizaba makofi mwili mzima.

Bi Somoe alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani uliwaambia wanauma?"

"Nilisema wanapumua, mama. Kuuma wameongeza wao."

"Watarudi?" mtoto aliuliza.

"Sijui," Pimbi alisema, na hakujua kweli.

Basi, watoto wangu, msimpuuze aliye mdogo eti kwa sababu macho yenu hayamwoni.

Pimbi alikaa chini palepale kwenye togwa iliyomwagika, akapumua. Kisha aliingia ndani, akafungua kile kifurushi cha kwanza, akatoa shuka la watoto, akalitandika mahali pake.