Mkeka Aliouita Mchuuzi

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Bi Shekuwe aliwaambia wajukuu zake waliokuwa wakisuka ukili, nao wakacheka. Msala waliujua, ni mkeka wa kusalia. Mbachao ndio nini?

"Mbacha wako, mkeka wako uliochakaa. Neno hilo lilikwisha kuzikwa, ila siku moja lilirudi mjini kwa miguu. Hapo ndipo methali hii ilipoanza. Acheni kucheka, mnisikize."

Zamani, kisiwani Pate, alikuwapo mjane akiitwa Mwana Esha, na mwanawe wa pekee, Bwanaheri. Desturi yao, mtoto akinyolewa nywele za kwanza, bibi yake huzishonea ndani ya upindo wa mkeka, naye huulalia mkeka huo mpaka akue. Mkeka wa Bwanaheri ulikuwa matundu matupu. Mwana Esha aliuonea haya, maana mawifi zake walikuwa njiani kuja kumtazama, na ndimi zao alizijua.

Adhuhuri, njia haina hata kuku, mchuuzi akasimama kizingitini na msala mmoja tu, mpya, wanukia udi. Hakupiga hodi.

"Nipe mbachao, nami takupa msala."

Mwana Esha alishtuka. Neno lile alilisikia mara ya mwisho kwa bibi yake, na bibi alipozikwa likaenda naye. Mji mzima ulisema mkeka mkuukuu. Kijana huyu asiye na ndevu kalitoa wapi? Lakini haya ya mawifi ilimshinda. Akamwinua mtoto, akatandika msala, akautoa ule mkuukuu. Mchuuzi akaukunja, akaenda zake.

Bwanaheri akajilaza. "Mama, baridi."

Mikono yake ilikuwa baridi kama mtungi.

"Mama, hawa watu wananisogezea nafasi."

"Watu gani, mwanangu?"

"Wengi. Bibi naye yumo."

Mwana Esha aliinuka mara moja. Akambeba mtoto mgongoni, akauburura msala, akakimbia. Alimkuta mchuuzi kwenye njia ya makaburini, akamtupia msala wake miguuni na kuukamata mkeka.

"Nirudishie! Mna nywele za mwanangu humu!"

"Ndizo nilizozijia," mchuuzi akasema kwa upole.

Wakavutana. Mwana Esha akauma upindo kwa meno, akavuta mpaka ukachanika, ukabaki kinywani mwake na nywele zote ndani. Mgongoni Bwanaheri akapiga kelele za kulia, na machozi yake yalikuwa ya moto. Mchuuzi hakugeuka tena. Msala ukanyanyuka vumbini wenyewe, ukampita Mwana Esha, ukamfuata.

Mawifi walipofika walimkuta mtoto kalala juu ya sakafu tupu, kafungwa ule upindo wa mkeka mkononi. Wakasema yote waliyotaka kusema. Mwana Esha aliwaacha wamalize.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akawajibu, kwa neno lile lile, kama alivyolisikia mlangoni pake.

Wajukuu wa Bi Shekuwe hawakucheka tena. Mmoja wao alitelezesha mkono polepole, akaushika upindo wa mkeka aliokalia.