Fisi Aliyefungiwa Sura Yake

Paukwa.
Pakawa.
Palitandikwa mkeka.
Tukakaa, tukasikiliza.

Hapo kale, mwaka ule simu zilipoingia porini, Bi Pimbi alisuka mikeka na kuiuza kwenye ukurasa wake wa mtandao. Ukurasa huo ndio uliowalisha wanawe. Bwana Fisi naye aliuza mikeka, ila yake ilifumuka kabla haijakaliwa, na bado aliwataka wanunuzi wote.

Mlinzi wa mtandao alikuwa Kobe. Kurasa zilikuwa nyingi na shingo yake fupi. Kwa hiyo hakukagua, alihesabu malalamiko tu. Ukurasa uliolalamikiwa na wengi aliufunga. Picha iliyolalamikiwa na wengi aliifunga, pamoja na kila ukurasa ulioibeba.

Fisi akawaagiza wapwa zake, ukoo mzima, wamripoti Bi Pimbi kuwa ni tapeli. Bi Pimbi akaweka picha ya mkeka mweupe. Wapwa wakabonyeza, ti, ti, ti, ukurasa ukafungwa. Akafungua mwingine, akaweka mkeka wa rangi. Ti, ti, ti, ukafungwa. Jumanne hiyo, tarehe 9 Juni, watoto walilala njaa.

Akampigia Fisi simu, akamwomba kwa heshima amwachie riziki yake.

"Shemeji," Fisi akajibu, kwi kwi kwi, "mimi sijagusa kitu. Wananchi ndio waliokuchoka."

"Na hao wananchi husoma kabla ya kubonyeza?"

"Wasome, kwani wana mtihani? Wakiona jina lako tu, kidole kimeshafika."

Bi Pimbi akamshukuru, akakata simu.

Alhamisi, tarehe 11 Juni, akafungua ukurasa mpya. Safari hii hakuweka mkeka. Aliweka picha ya Fisi mwenye kilemba, ileile iliyopamba duka la Fisi la mtandaoni, na ambayo kila mpwa, kwa adabu ya ukoo, aliibandika kwenye ukurasa wake kumtukuza mjomba. Chini yake akaandika sifa tupu.

Wapwa wakaona jina la Pimbi. Ti, ti, ti.

Kobe akahesabu, akafunga. Likafungwa duka la mjomba, zikafungwa kurasa za wapwa, hakikubaki kidole cha kuripoti. Bi Pimbi akafungua ukurasa mwingine, akaweka mkeka wake, ukanunuliwa.

Jioni Fisi akapiga simu, sauti imelainika. "Shemeji, niombee kwa Kobe."

"Mimi sijagusa kitu, shemeji," akasema Bi Pimbi. "Wananchi ndio waliokuchoka."

Funzo, wasikilizaji wangu: kusoma kunachelewesha. Bonyezeni kwanza, na picha ya mjomba iwe kubwa.

Mkeka nimeukunja; aliyeukalia akung'ute vumbi.