Mkate wa Boga na Zimwi Lisilotafuna

Ngano hii nilisimuliwa kwanza na wifi yangu, Mwanahija, tukimenya maboga. Sogeeni, wanangu, nami niwape.

Palikuwa na zimwi lililomeza kila kitu bila kutafuna. Siku moja likammeza Shekuwe, mume wa Zahabu, mzima mzima.

Zahabu akalifuata. "Nirudishie mume wangu."

"Watu husifu mkate wa boga," zimwi likasema. "Niokee. Mumeo akisema ni mtamu, nitamtapika."

Zahabu akachuma boga kubwa kuliko yote, akaoka, makaa chini na makaa juu. Zimwi likameza.

Shekuwe akaita kutoka tumboni, "Mke wangu, huu ni uji. Nimelowa."

Akachuma boga refu lenye mistari, akaoka. Zimwi likameza.

"Huu ni nyuzi tupu. Umenifunga miguu."

Zahabu akazunguka shamba zima. Pembeni akaona boga dogo la kijivu, lenye vinundu, ganda gumu hata ukucha hauingii. Akalipasua. Nyama yake ilikuwa kavu, yenye unga kama kiazi. Akaoka. Zimwi likameza.

Zimwi likatega sikio tumboni mwake.

"Vipi, mtamu?" zimwi likauliza.

"Sitoki," Shekuwe akajibu huku akitafuna. "Mke wangu, leta mwingine."

Zimwi likaona wivu. "Mkate wangu, unaula wewe?" Likamtapika, likamnyang'anya kipande kilichobaki, na kwa mara ya kwanza likatafuna. Likatafuna mpaka machozi yakalitoka kwa utamu.

Asubuhi iliyofuata Zahabu alilikabidhi zimwi jembe, likachimba mashimo, naye akalifuata nyuma akidondosha mbegu za boga la kijivu, tatu tatu kila shimo.