Benchi la Mbele na Tarumbeta la Pasaka

Hapo zamani, zamani ambayo bado ina watu wanaoikumbuka, palikuwa na kanisa dogo juu ya kilima cha Ngeleka, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi. Kila ukoo ulikuwa na benchi lake. Na mwenye benchi la mbele ndiye aliyepuliza tarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka, ili waliolala wasikie kwamba Bwana amefufuka.

Benchi hilo lilikuwa la mume wa Bibi Tupokigwe. Akafa. Mwanawe Ambakisye akalikalia Pasaka moja tu, kisha njaa ikamsukuma kusini, kwenye machimbo ya dhahabu. Akaita wenzake, wenzake wakaita wenzao. Benchi hili likabaki wazi, na lile likabaki wazi, mpaka Jumapili moja Bibi akajikuta peke yake na ukungu.

Je, alifunga mlango? Thubutu! Aligonga kengele, akasimama mbele, akasema, "Bwana awe nanyi." Akazunguka upande wa pili, akajijibu mwenyewe, "Awe pia nawe." Kisha akafuta mabenchi vumbi, kila moja akilisalimu kwa jina la mwenyewe. Aliamini kwamba benchi la msafiri likikaliwa na mwingine, msafiri harudi. Mimi simcheki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwaka mmoja mto wa mpakani ukafurika, ukameza mashamba ya ng'ambo. Watu wakavuka na watoto mgongoni, wakapanda kilima, mbele yao Yotamu Msukwa, mwimbaji. Wakaingia kanisani wakiimba, na Bibi akalia kwa furaha. Lakini walipotaka kukaa, akanyoosha mikono.

"Hapana, wanangu. Haya yana wenyewe."

Wakakaa chini. Kanisa likajaa pomoni, na mabenchi yakabaki matupu! Wakaimba hivyo masika yote, na sakafu baridi kama maji ya kisima. Mke wa Yotamu alikuwa na kifua kibovu. Hakuiona Krismasi. Wakamzika kilimani, kando ya mume wa Bibi.

Siku ya maziko Bibi alimshika Yotamu mkono, akamwongoza mpaka benchi la mbele. "Kaa, mwanangu," akasema. Pasaka ilipofika, Yotamu alipuliza tarumbeta.

Pasaka iliyofuata walikuwa wamesimama makaburini, Bibi amelifunga tarumbeta kwenye kitenge, mara mtu akatoka ndani ya ukungu. Bibi alimpapasa uso. Alikwisha kumwota mara nyingi, na kila mara akigusa hugusa hewa. Safari hii akagusa ndevu.

"Mama, ni mimi," alisema Ambakisye. "Nipe nimpulizie baba. Mabati ya kanisa yanayowakinga mvua ni jasho langu, fedha niliyokutumia kutoka machimboni. Sikuondoka kwa kiburi, niliondoka kwa njaa. Mtu kwao, mama."

Yotamu akavua kofia. "Ndugu yangu anasema kweli. Lakini mabati hayaitikii 'Amina', mama. Paa ulikuwa nalo, watu ulikuwa huna, nasi tukaja. Na mimi ninaye wangu hapa chini, aliyekaa sakafuni kwa ajili ya benchi la mtu asiyekuwepo."

Ndipo mama yake Yotamu, ajuza aliyebebwa kuvuka mto, akapaza sauti: "Mnagombea nini, nyie wanaume? Kama huyu mwenzangu asingejiitikia mwenyewe miaka yote ile, hapa mngekuta zizi la ng'ombe. Apulize yeye!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakaguna, maana tangu kilima kiwe kilima, hakuna mwanamke aliyelipuliza.

Bibi Tupokigwe alisimama kati ya makaburi mawili, tarumbeta kifuani. Akimnyima mwanawe, kusini bado kunamwita. Akimnyima Yotamu, nyimbo zitashuka kilima pamoja naye, na yeye atabaki na mabenchi yake. Akipuliza mwenyewe, huenda akawapoteza wote wawili. Kulikuwa kunapambazuka, na mikono miwili imenyooshwa mbele yake, yote ya wanawe.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu mkiwa mmeshiba, semeni: nani alistahili kulipuliza?