Matofali ya Upande wa Barabarani

Kamati Ndogo ya Ushauri Kuhusu Mwonekano wa Upande wa Barabarani wa Jengo Tarajiwa la Zahanati. Hilo ndilo lilikuwa jina lake kamili, ndugu zangu, na msicheke kwanza, maana humu ndani wamo wajumbe wa kamati zenye majina marefu kuliko hilo.

Kulikuwa na kijiji kimoja, huko juu kwenye baridi, ambako kila nyumba inajua kufyatua tofali. Na tofali lina mvuto wake, tusidanganyane. Ni tope tu la kukanyagwa kwa miguu. Unalifyatua kwenye kalibu, unalianika, unalipanga tanuru, unalichoma. Likitoka humo limekuwa kitu kingine. Ukiligonga linalia. Likikaa juani linatunza joto mpaka kuku wanagombania kulala juu yake. Mtoto hulikalia akisubiri uji, bibi huliegemeza mlangoni upepo usiubamize, na kijana asiye na kitu kingine cha kumwonyesha mchumba humpeleka akaone rundo la matofali yake. Wapo waliooa kwa rundo. Nyumba ingefuata baadaye, na kwa wengine mpaka leo bado ni baadaye.

Basi kijiji kile kikaamua kujenga zahanati. Iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya bonde, na masika yakianza bonde lile halina adabu kwa mtu yeyote. Kila kaya ikaambiwa ilete matofali, na kila kaya ikaleta, jambo ambalo peke yake lilistahili ibada ya shukrani. Rundo likasimama kando ya barabara, limenyooka, limeezekwa nyasi kwa juu lisinyeshewe. Hata mgeni rasmi alikuja. Kwa kuwa hapakuwa na jengo la kuzindua, walifunga utepe kwenye rundo. Akaukata, akapigiwa makofi, akala kuku, akaondoka.

Tatizo lilianza siku fundi alipouliza aanze na matofali gani.

Udongo wa bondeni ukiungua hutoka mwekundu wa kupendeza. Udongo wa mlimani hutoka wa manjano, umepauka, na watu wa bondeni walikuwa wakiyaita matofali yale kiporo cha ugali. Nguvu ni ileile. Lakini ukuta unaotazama barabara uwe wa nani? Na nani apewe ukuta wa nyuma, unaotazama choo? Watu wa bondeni walisema uzuri haufichwi uani. Watu wa mlimani wakajibu kwamba hawakubeba matofali mgongoni kupanda na kushuka ili yaende kuangaliana na choo. Mmoja akathubutu kusema yachanganywe tu. Akaambiwa zahanati si kanga wa porini, iwe na madoadoa. Ndipo ikaundwa ile kamati.

Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa bondeni, bingwa wa kuchoma matofali, na yake yalikuwa mekundu kuliko yote. Hakuwa mtu mbaya. Lishikeni hilo, maana tukishamfanya mtu mbaya tutasema mfano huu hautuhusu. Walimwita Baba Sekela, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mkewe alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza ilimtesa sana, na nesi wa ng'ambo alimwonya wazi kwamba hii asijifungulie mbali na zahanati. Kwa hiyo katika kijiji kizima hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuharakisha ukuta ule kama mwenyekiti. Ndivyo mngedhani.

Kamati ikakaa. Ikaahirisha. Ikaitwa tena, akidi haikutimia, kwa sababu watu wa mlimani walikuwa wamesusa. Wajumbe wakaenda kujifunza katika kijiji kingine, wakarudi na taarifa kwamba zahanati ya huko imejengwa kwa bloku za saruji, kwa hiyo haina la kufundisha.

Siku moja mke wa mwenyekiti alimpelekea mumewe uji pale barabarani, maana alikuwa akishinda kwenye rundo, akiyafuta vumbi matofali yake na kuyasogeza kwa mbele wapita njia wayaone. Mama yule akakalia tofali moja, akanyoosha miguu iliyokuwa imevimba, akauliza hasa wanagombea nini. Mume akamweleza kwa kirefu. Heshima ya bondeni. Macho ya wageni. Wajukuu watakaouliza babu zao walikuwa wapi. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, Baba Sekela, mtoto anazaliwa ukutani?"

"Mama Sekela, mambo ya kamati usiyafanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nauliza. Maana ninavyojua mimi, anazaliwa ndani. Nikishikwa na uchungu sitatoka kwenda barabarani kuangalia rangi. Wekeni tu hayo yaliyo karibu."

Mwenyekiti akacheka. Alimpenda mkewe, na alipenda alivyojua kusema. Akamtuliza kwamba kikao kijacho ndicho cha mwisho, na kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo tunaijua. Tunaipenda sana tukiwa si sisi tunaoumwa.

Masika yalianza mapema mwaka ule. Uchungu nao ukaanza mapema. Wanaume walimweka mama yule kwenye machela, wakashuka naye mpaka chini kabisa bondeni wakiteleza, wakakuta daraja la magogo limekwenda na maji. Wakasubiri maji yapungue. Yalipungua, lakini hayakupungua kwa wakati wake yeye. Walipopanda naye kurudi, kitenge kilikuwa kimemfunika mpaka usoni.

Kule kwao kaburi la masika halichimbwi likaachwa. Udongo umelowa, kuta zinaporomoka, kwa hiyo hujengewa ndani kwa matofali kabla jeneza halijashushwa. Kulipokucha wanaume waliuliza matofali yatapatikana wapi. Matanuru yote yalikuwa yamelowa. Rundo moja tu lilikuwa kavu, kwa sababu waliliezeka vizuri wenyewe.

Wakafunua nyasi. Wa bondeni wakabeba, wa mlimani wakabeba, hakuna aliyeitisha kikao. Aliyeingia shimoni kujenga alikuwa msemaji wa watu wa mlimani, yule aliyebishana na mwenyekiti tangu mwanzo. Akapokea tofali jekundu, akalilaza. Akapokea jingine jekundu. La tatu likaja la manjano, na mkono wake ukasita hewani. Hakuwa na nia mbaya. Yalikuwa mazoea tu, mazoea ya vikao. Akainua uso wake uliojaa matope, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwenyekiti, haya ya kwetu tuyaweke upande gani?"

Watu wote wakatazama chini. Mwenyekiti alikuwa amesimama ukingoni, mvua inamwingia shingoni, naye hana habari nayo. Kisha akasema maneno ambayo kamati nzima ilishindwa kuyapata, ingawa aliletewa mwenyewe palepale kwenye rundo, pamoja na uji.

"Wekeni tu."

Ndugu zangu, sasa nataka niwaulize ninyi, na nijiulize na mimi niliyesimama hapa mbele, ambapo ndipo upande wa barabarani wa kanisa. Kwa nini sisi tunakuwa wepesi hivi makaburini? Mgonjwa akilala ndani miezi, tunaulizana zamu ya nani kumwona. Akifa, tunajaa uwanja mzima, na sufuria zinatoka nyumba ambazo hazikuwa zikisalimiana. Tukiombwa mchango wa matibabu tunataka maelezo. Tukiombwa wa jeneza hatuulizi neno. Ndugu wawili wamekaa kwenye mabenchi haya, mmoja kushoto na mmoja kulia, hawajasemezana tangu mpaka wa shamba uliposogezwa. Ninajua siku watakayobeba kitu kimoja kwa pamoja. Nanyi mnajua. Kinachobaki ni kuuliza kitakuwa cha nani, cha mama yao au cha mmoja wao.

Umoja tunao. Msiniambie hatuna, nimeuona kwenye misiba. Tunauweka kando ya barabara, tunauezeka usilowe, tunawaonyesha wageni. Na watu wetu wanatuomba tuwajengee ndani, sasa hivi, kwa hayo yaliyo karibu, kwa mkono huo huo na moyo huo huo wa kiporo tulio nao. Sisi tunawaambia wavute subira, kwa sababu bado hatujajua nani ataonekana mbele.

Mnataka kujua kamati ilifikia wapi? Haikuvunjwa. Ilikaa tena mvua zilipoisha, na ajenda yake ya kwanza ilikuwa Upungufu wa Matofali Usiotarajiwa.

Mama yule alizikwa siku ya Alhamisi, na mtoto wake kifuani. Kaburi lake lilijengwa kwa matofali ya pande zote mbili, likakamilika kabla ya saa sita mchana. Zahanati haijajengwa.