Bibi Nyamizi na Nywele za Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Enyi mlio nyuma, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, kabla njia hii mliyojia haijakanyagwa na mtu, palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na bwawa. Maji ya kunywa, bwawani. Samaki, bwawani. Na humo majini yaliota majani marefu, membamba, yakiyumba huku, yakiyumba kule. Watu waliyaita nywele za bwawa.

Bwawa likimuua mtu, walilichana. Ndiyo, walilichana! Walikata mti wa miiba, wakaufunga kamba, kundi moja likashika ng'ambo hii, kundi lingine ng'ambo ile. Wakauburuta. Kwaruu! Kwaruu! Waliuburuta mara moja tu, kuonyesha hasira yao, kisha wakaenda kuomboleza.

Mwaka mmoja bwawa likamchukua Kabula, binti wa Jumbe Lugwisha. Majani yalimfunga miguu. Jumbe alipotoka matangani alisema, "Lichaneni mpaka libaki na upara. Nisione hata unywele mmoja."

Nani angembishia mtu aliyefiwa? Wakaubeba mti wa miiba hadi majini.

Wakamkuta Bibi Nyamizi amesimama katikati, maji kiunoni. Huyu ndiye aliyetega migono, ile mitego ya kusuka, tangu akiwa msichana.

"Bibi, toka!"

"Sitoki."

"Miiba itakuchana!"

"Inichane. Ngozi hii ina makunyanzi tayari, itaharibika nini?"

Shija, mshika kamba, akadakia, "Anaionea uchungu migono yake!"

"Na wewe Shija, nikikosa samaki mkeo atakupikia nini? Hiyo kamba?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka msiba, wakazishika kamba.

Jumbe akasogea ukingoni. "Bibi, unanizuia kumlilia mwanangu?"

"Lia, baba. Hata mimi nimemlilia. Lakini majani haya ni ya aina mbili, na iliyomshika Kabula ni moja tu."

Akainua mikono. Kulia jani, kushoto jani. Kijani kilekile, urefu uleule.

"Hao ni pacha!" watu wakasema.

"Pacha, na mimi nawajua."

"Majani ni majani," akasema Jumbe. "Vuteni!"

Kwaruu! Mti ukaja. Bibi hakusogea. Kwaruu! Bibi hakusogea. Miiba ikanasa kaniki yake, ikaichana, ikafika pajani. Maji yakawa mekundu.

Kamba zikalegea.

"Nani kawaambia msimame?" Jumbe akafoka. Hakuna aliyevuta.

Bibi akasema, "Lugwisha, siku ile uliingia majini mwenyewe. Ulimnasua mwanao kwa mkono au kwa kisu?"

Jumbe akasema polepole, "Kwa kisu. Mkono ulishindwa."

"Basi njoo uvute hili."

Jumbe akaingia. Akapokea jani la kulia. Bua lake lilikuwa la mviringo, likabingirika vidoleni kama uzi. Akavuta. Tak! Likakatika. Akachukua jingine kama hilo. Tak!

Akapokea la kushoto. Bua lake lilikuwa bapa kama ukanda, likakataa kubingirika. Akavuta. Akavuta tena. Likamkata kiganja, lenyewe lisikatike.

Akalishika, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Ni hili," akasema.

"Ni hilo. Lile la mviringo linatuliza tope, na samaki wanataga humo. Ukiling'oa tutakunywa udongo, na Kabula hatarudi."

Jumbe akatoa kisu kiunoni. Akakata kamba ya mti wa miiba, fyaa! Kisha akainama, akafumba macho, akatafuta kwa vidole. La mviringo, akaliacha. Bapa, akaling'oa na mzizi wake.

Shija akaingia. Wengine wakamfuata.

"Bibi, hili je?"

"Bingirisha."

"Halibingiriki."

"Ng'oa!"

"Na hili?"

"Bingirisha."

"Linabingirika, bibi."

"Liache lilee samaki!"

Tangu hapo bwawa lile lilichanwa kwa vidole, na maji yake yalibaki maangavu.

Bibi Nyamizi akarudi nyumbani na kaniki yake iliyochanika. Wanawake wakamwambia, "Lete tukushonee."

"Sishoni."

"Kwa nini, bibi?"

"Siku Jumbe akisahau, nitapita mbele yake nimeivaa."

Akaivaa mpaka akazikwa nayo.

Basi, wasikilizaji wangu, anayefanana na mwenye kosa mshikeni kwanza kwa mkono wenu, kabla hamjamburutia miiba. Na mkimjua hana kosa, simameni mbele yake.

Hadithi yangu nimeifikisha ukingoni. Mwenye kiu na achote.