Kiti cha Bi Mwanakheri

Kila Jumapili nilizurura sokoni Tanga, kachori mkononi, nikipekua masinia ya shaba na saa mbovu, nikijiona hakuna anayevijua vitu vya kale kunishinda. Siku moja, kando ya meza ya Bi Mwanakheri, muuza vitumbua, nilikiona kiti cha enzi, kile cha mbao cha waungwana wa zamani wa pwani, kimejaa vumbi. Moyo ulinienda mbio, lakini uso niliukunja.

“Hiki nacho unakiuza?”

“Alikiacha marehemu mume wangu,” alijibu. “Wewe mwenye duka la vikale unakionaje?”

“Kimeoza, mama. Hizi ni kuni tu. Ila nitakuondolea, nikupe nauli ya kurudia nyumbani.”

“Kuni? Afadhali umeniambia, mwanangu. Moto wangu umeanza kufifia.”

Akachukua shoka kwenye meza ya jirani yake, muuza vyuma, akalinyanyua juu ya kiti.

“Mama, usithubutu!” Nilikikumbatia kile kiti, kachori ikaanguka. “Huu ni mpingo! Ni kazi ya mafundi wa zamani wa Lamu! Watu wanavitafuta hivi mpaka Ulaya na hawavipati!”

Soko zima liligeuka kunitazama. Bi Mwanakheri akaliweka shoka chini taratibu.

“Ahsante, mwanangu. Nilikuwa sijui nianzie bei gani.”

Wanunuzi wengine walikuwa wameshaanza kusogea, kwa hiyo nililipa alichotaka bila kubisha. Nilipoinama kukibeba kiti changu, ndipo macho yangu makali ya mtaalamu yalipouona mtungi wa gesi chini ya meza yake.